Gazeti la 1983 na Mahari Yangu

Ukitaka kuujua upepo wa Dodoma usiwaulize watu wa hali ya hewa, muulize mwenye kamba ya kuanikia nguo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo huu unafanya kazi bila likizo. Asubuhi unahamisha vumbi la barabarani na kulipeleka sebuleni, mchana unasimamisha kisulisuli katikati ya uwanja wa mpira mpaka golikipa aombe kubadilishwa, jioni unakuletea mlangoni mifuko ya jirani uliyegombana naye. Kwa hiyo nikisema yaliyonipata yalianzishwa na upepo, mwenyeji wa hapa hatashangaa. Atashangaa kwamba yaliishia kwenye ng'ombe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina asili ya Iringa, na nimepangiwa Kidato cha Kwanza katika lile somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hili linafundishwa kwa Kiswahili, na wanafunzi wanalipenda kwa sababu hiyo hiyo: wanaweza kubishana na mwalimu bila kutafuta maneno. Tulipofika miaka ya themanini niliona kuwajazia ubao ni kuwaonea. Watoto hawa wengi wamezaliwa kati ya 2011 na 2012. Kwao zamani ni wakati ambapo bando lilikuwa rahisi.

Nikawaambia, tutengeneze gazeti. Karatasi moja kubwa ikunjwe itoe kurasa nne, muandike kana kwamba mko mwaka 1983. Za kitaifa nitawapa mimi, za mtaani mtazichimba kwa babu na bibi zenu.

Sijawahi kuona darasa likichangamka namna ile. Walichagua mhariri mkuu, binti mmoja mkali ambaye alianza kazi kwa kumfukuza kazi mwandishi wa michezo. Walibishana juu ya jina la gazeti kipindi kizima, mwishowe wakakubaliana liitwe Jogoo, na mchoraji wao akachora jogoo mkubwa juu ya ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya wino mzito, mweusi tii, karibu na tarehe. Mkumbuke huyo jogoo.

Wiki iliyofuata habari zikaanza kuingia. Mmoja bibi yake alimsimulia kwamba sabuni ilipopotea walifua kwa majani ya mpapai. Mwingine babu yake alimwonyesha katambuga alizovaa siku ya harusi, zile ndala za tairi la gari, bado nzima kabisa, ameziweka juu ya kabati. Walisikia habari za unga wa mahindi ya njano, ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi, na mashabiki wa Simba waliula hivyo hivyo kwa uchungu kwa kuwa njaa haina klabu. Walisikia habari za duka la kaya, za kitabu cha mgawo, za kuamkia foleni saa 10 usiku bila kujua kinacholetwa. Binti mmoja aliuliza kwa nini wasingeagiza mtandaoni. Nikamwambia Tanzania Bara ya wakati ule hata kituo cha televisheni haikuwa nacho, tulisubiri mpaka 1994. Darasa lilikaa kimya, ukimya wa msibani kabisa.

Mimi nikawapa sababu za ukata wenyewe, maana babu na bibi hukumbuka foleni zaidi ya chanzo chake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata Idi Amin akavamia Kagera, tukapigana naye mpaka 1979, na vita hailipiwi kwa maneno. Mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa malighafi, sukari ikawa habari. Machi 1983 serikali ikatangaza msako dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na watu waliokuwa wameficha bidhaa wakaanza kuzitupa usiku. Kijana mmoja akaniambia, "Mwalimu, babu anasema aliokota katoni ya sabuni mtaroni." Nikamuuliza aliifanyia nini. "Anasema hilo lisiandikwe."

Suala la Sokoine lilileta mjadala. Alifariki kwa ajali ya gari Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, pale Dakawa, mkoani Morogoro, akitokea huku kwetu Dodoma kwenye Bunge. Mhariri mkuu akasema gazeti letu ni la 1983, kwa hiyo Waziri Mkuu yu hai na habari yake isiandikwe. Sikuwa na la kuongeza. Niliona wameelewa historia kuliko nilivyotegemea.

Lakini kwenye mambo mengine walilegeza. Walitaka kila kitu cha muongo ule kiingie, hata kama hakikuwa cha mwaka ule. Ukurasa wa michezo ukatangaza kwamba Taifa Stars imefuzu fainali za Mataifa ya Afrika, jambo ambalo kweli lilitokea, tulicheza fainali za 1980 kule Nigeria. Chini yake wakaweka medali mbili za fedha za Olimpiki ya Moscow ya mwaka huo huo, ya Suleiman Nyambui mita 5,000 na ya Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ukurasa wa pili ukawa na kichwa "SERIKALI YAKARIBIA KUHAMIA DODOMA", nacho nilikiruhusu kwa furaha kubwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa 1973 kwa mpango wa miaka 10, kwa hiyo mwaka 1983 serikali ilitakiwa iwe imeshafika, imefungua mizigo, inatafuta fundi wa kufunga mapazia.

Matangazo madogo ndiyo yalinitoa jasho. Kuna aliyeuza redio ya mwaka 1983 kwa "piga simu au WhatsApp", nikafuta. Kuna aliyetangaza duka la kaya kwamba Jumapili linagawa sukari, kilo moja kila kaya, mwenye nyumba afike kwa balozi wake wa nyumba kumi kuchukua barua. Hilo niliona limekaa vizuri, nikaliacha. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mahojiano na bibi mmoja wa Kigogo juu ya ndoa za zamani, yameandikwa na kijana mpole wa dawati la nyuma ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "nipo". Niliyapitisha bila kuyasoma mpaka mwisho kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri.

Na habari kuu, ukurasa wa kwanza, chini ya jogoo: "MARUFUKU KUENDESHA JUMAPILI BAADA YA SAA 8".

Vijana wa leo wanadhani natania, lakini marufuku hiyo ilikuwepo kweli katika miaka hiyo ya ukata, ili kubana mafuta. Jumapili ikifika saa 8 mchana, gari la mtu binafsi lilitakiwa liwe limelala, mpaka Jumatatu asubuhi, isipokuwa mwenye kibali. Mwandishi wetu aliichapa habari hiyo kwa bidii. Badala ya magari akaandika "vyombo vyote vya moto", maneno aliyoyatoa kwenye matangazo ya usalama barabarani ya siku hizi, na pembeni akachora mfano wa kibali chenyewe, chenye nembo ya mwenge, nafasi ya jina na mahali pa mhuri.

Tulichapa nakala kama hamsini kwenye steshenari ya jirani. Mhariri mkuu akakataa kuzipokea. Karatasi zilikuwa nyeupe mno, alisema, zinaonekana za jana. Wakachemsha sufuria ya chai ya rangi, wakachovya nakala moja moja, wakazianika kwenye kamba kati ya miarobaini miwili. Ilikuwa Ijumaa, saa 7 mchana, mwezi Agosti.

Kisulisuli kilitokea upande wa jikoni. Hakikuwa na haraka. Kilipita kwenye rundo la kuni, kikachukua kofia ya mlinzi, kikaingia kwenye kamba yetu, na kwa muda mfupi gazeti la Jogoo likawa na usambazaji mpana kuliko gazeti lolote la mkoa huu. Wanafunzi walikimbia mpaka kwenye uzio. Mbuzi wa jirani walikula nakala kadhaa pale pale, nadhani kwa ajili ya chai. Zilizobaki zilivuka uzio zikatua kwa Mama Maandazi.

Sasa Mama Maandazi ni mtu wa shule kwa miaka mingi. Karatasi za mitihani iliyopita huwa anapewa afungie bidhaa zake, na mtaani kwetu si ajabu kula andazi huku ukisoma kwamba fulani alipata 12 katika Hisabati. Alipoona karatasi zimemjia zenyewe, zimekauka, zinanukia vizuri, alimshukuru Mungu akachukua kisu. Aliona tu kasoro moja. Yule jogoo alikuwa na wino mwingi mno, ungechafua maandazi. Akakata kichwa cha kila nakala, jogoo, jina la gazeti, tarehe na mwaka 1983 wake, akawashia navyo jiko.

Hayo yote niliyajua baadaye. Ijumaa ile niliwaambia wanafunzi tutachapa upya Jumatatu, nikaondoka haraka, maana nilikuwa na jambo kubwa kuliko magazeti. Jumapili saa 10 alasiri nilikuwa natakiwa Makutupora kupeleka mahari.

Baba mdogo alifika Jumamosi kwa basi la Iringa lililopita Mtera. Yeye ndiye mshenga wangu. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, anavaa kaunda suti ambayo haijawahi kukunjwa, na anaamini hakuna mazungumzo duniani ambayo Mhehe hawezi kuyashinda, hasa kwa Mgogo, kwa kuwa wale ni watani wetu. Alinipa masharti mapema. Tutafika kwa wakati. Mizigo itakuwa kreti za soda, mablanketi ya bibi, shuka za mama mkwe, vitenge na bahasha. Na mahari haipandi daladala. Nikaweka oda ya bajaji, nikalipa nusu.

Jumapili baada ya kanisa tulikula, tukapanga mizigo barazani. Saa 8 ikafika, bajaji haikufika. Nikampigia dereva.

"Mwalimu, shikamoo. Samahani sana, imepita saa 8."

"Marahaba. Ndiyo maana nakupigia."

"Sasa saa 8 imepita, nitatembeaje? Si mpaka kesho asubuhi?"

Nilidhani amelewa. Nikamwacha baba mdogo na mizigo, nikaenda kijiweni kutafuta mwingine. Pale kijiweni nilikuta pikipiki na bajaji zimepangwa mstari mmoja, zimefunikwa, na wenyewe wamekaa chini ya mti wakicheza drafti. Hapakuwa na injini hata moja inayounguruma. Kwa mtu anayeijua Dodoma ya sasa, yenye wizara, Bunge na vijana wa bodaboda kila kona, ukimya ule ulikuwa wa kutisha.

"Kuna mgomo?" nikauliza.

"Hakuna mgomo mwalimu, kuna agizo," akajibu mwenyekiti wao, na kutoka mfukoni akatoa kipande cha karatasi chenye madoa ya mafuta ya kupikia. Kilinukia chai.

Nilikitambua kabla hajakikunjua.

"Hili gazeti ni la wanafunzi wangu," nikasema. "Ni la mwaka 1983."

Mwenyekiti akaligeuza mbele na nyuma. "Wapi wameandika 1983?"

Nikatafuta. Hapakuwa na mahali. Nilipotazama juu ya ukurasa niliona alama ya kisu tu.

"Mwaka ulikuwa hapa, umekatwa."

"Aha. Umekatwa," akasema, akawatazama wenzake. Mmoja wao akakohoa kwa heshima.

Nikajaribu njia nyingine. Nikawaambia waangalie habari za ndani, wataona wenyewe kwamba ni za kale. Mwenyekiti, ambaye ni mtu makini, akaanza kunisomea kwa sauti. "Taifa Stars yafuzu fainali za Afrika. Si imefuzu kweli? Si inakwenda Moroko?" Nikakubali kwamba imefuzu. "Serikali yahimiza watumishi waliobaki Dar es Salaam kuhamia Dodoma. Uongo?" Nikasema si uongo sana. "Bei ya mafuta yapanda. Mwalimu, EWURA inatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi hapa ndio tunaisubiri, utatuambia nini?" Akafika kwenye sukari. "Sukari yaadimika, walanguzi waonywa. Mwaka jana hapa tulinunua sukari bei gani?" Kijiwe kizima kikaitikia bei, kila mmoja ya kwake, na zote zilikuwa mbaya.

"Mimi ni mwalimu wa historia," nikasema kwa kukata tamaa. "Najua ninachosema."

"Hapo sasa," akasema yule aliyekohoa. "Wewe ni wa historia. Haya ni mambo ya sasa."

Walikuwa wamefanya na utafiti. Asubuhi yake walimuuliza trafiki mmoja aliyekuwa anapita kama agizo ni la kweli. Naye, kwa kuwa hakuwa amesikia lolote na hakutaka kuonekana hajasikia, aliwaambia wasubiri maelekezo. Kwa mtu wa bodaboda, trafiki akisema subiri maelekezo maana yake faini iko njiani.

Nikarudi nyumbani. Barazani mizigo ilikuwepo, baba mdogo hayupo.

Nilimkuta nyumba ya nne kutoka kwangu, kwa mzee mmoja ambaye kila mtu mtaani humwita Balozi kwa sababu aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi na jina likamganda. Nje ya geti lake kulikuwa na foleni ya akina mama wapatao ishirini, kila mmoja na kikapu, na Balozi mwenyewe amesimama mlangoni na singlendi akiapa kwamba hana barua yoyote na hajui habari ya sukari. Baba mdogo alikuwa wa saba. Kaunda suti, mikono nyuma, uso umetulia.

"Baba mdogo, unafanya nini?"

"Nimepanga foleni."

"Ya nini?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, foleni haiulizwi. Ukiuliza, wenzako wanakupita." Kisha akaninong'oneza kwamba wakati wa ujana wake pale Iringa aliwahi kupanga foleni kuanzia alfajiri, akafika dirishani akakuta wanagawa nyembe, na hakuwa na ndevu wakati ule. Alizichukua. Alizibadilisha na mtu kwa chumvi.

Nilimweleza habari ya gazeti. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa, akaokota tofali akaliweka mahali pake kwenye foleni. "Basi likae hilo, tukirudi tutalikuta." Mama mmoja wa nyuma yake alikubali kulilinda. Kipande cha gazeti chenye tangazo la sukari, ambacho alipewa na mama huyo huyo, alikikunja vizuri akakitia mfukoni.

Ilikuwa saa 9 kasoro robo. Tukiwa tumesimama barabarani na kreti, ikatokea bajaji moja tu, inakuja kwa mwendo wa msafara, taa zimewashwa mchana. Dereva wake alikuwa kijana mwenye miwani ya jua. Kwenye kioo cha mbele alikuwa amebandika karatasi: KIBALI CHA KUTEMBEA JUMAPILI. Mwenge, jina, mhuri. Ulikuwa ni mchoro wa mwanafunzi wangu, umekatwa kwenye gazeti na kutolewa kopi. Kuna kishoka mmoja aliyeushtukia mapema Jumamosi jioni, na alikuwa anaviuza shilingi 5,000 kimoja. Mhuri nilipousoma kwa karibu ulikuwa wa duka la dawa za mifugo.

"Makutupora nawapeleka," akasema kijana, "ila nauli ya kibali ni mara mbili. Gharama zimepanda."

Nimewahi kulipa kodi nyingi katika maisha yangu, lakini sijawahi kulipia kazi ya darasani niliyoitoa mwenyewe. Baba mdogo akaanza kumpigia kelele, kijana akaelekeza kidole kwenye kibali, baba mdogo akanyamaza. Mtu aliyekulia miaka ile huwa hashindani na karatasi yenye mhuri. Nikalipa.

Tulifika Makutupora saa 11 kasoro. Wazee walikuwa wamekaa chini ya mti, karibu na shamba la zabibu, wamekunja mikono. Mbukwenyi zetu, yaani salamu za Kigogo, zilipokelewa kwa sauti ya chini. Kuchelewa na mahari ni jambo zito, na upande wao walikuwa wameshaanza kujadili kama huku ni kuchelewa au ni dharau. Baba mdogo akasimama, akaomba radhi kwa Kihehe kwanza, ili watani wapate la kucheka, kisha akaeleza kwa Kiswahili kwamba tumechelewa kwa sababu usafiri wa Jumapili umepigwa marufuku kuanzia saa 8.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini baba mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa amenuna, aliinua kichwa.

"Saa 8? Imerudi?"

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kumbe enzi hizo alikuwa dereva wa Peugeot 404 ya mfanyabiashara mmoja wa Uhindini. Jumapili moja saa 8 ilimkuta Nzuguni, na tajiri yuko ndani ya gari, na polisi wako mbele. Akazima injini, akashuka, akaanza kusukuma. Alipoulizwa anafanya nini alijibu kwamba agizo limekataza kuendesha, halikukataza kusukuma. Walimwacha. Alisukuma mpaka mjini, tajiri akiwa amekaa kiti cha nyuma, na mtaani watoto wakamsaidia. Wazee wengine nao wakaanza, huyu na foleni ya khanga, yule na chai ya sukari guru, na kwa nusu saa nzima hakuna aliyekumbuka kwamba mimi nimekuja kuoa. Nilijilaumu kwamba wanafunzi wangu hawapo na madaftari.

Hali ilikuwa nzuri. Laiti baba mdogo angenyamaza.

Lakini mshenga akiona amependwa huongeza. Alisimama tena, akasema wasije wakadhani tunatunga, ushahidi tunao. Akatoa mfukoni kile kipande cha gazeti, akakikunjua, akamkabidhi baba mkwe kwa mikono miwili.

Baba mkwe akavaa miwani. Akasoma tangazo la sukari, akatabasamu. Akageuza upande wa pili. Akasoma kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akampa mzee aliyekaa kulia kwake, naye akasoma, akampa wa kushoto. Karatasi ilizunguka duara lote na kila aliyeisoma alinitazama.

"Mtani," baba mkwe akamwambia baba mdogo, "hili gazeti umelileta wewe?"

"Nimelileta mimi."

"Kama ushahidi?"

"Kama ushahidi kamili."

"Basi ushahidi husomwa pande zote." Akasafisha koo, akasoma kwa sauti yale mahojiano ya kijana wa dawati la nyuma. Kichwa chake kilikuwa "BIBI ASEMA: MAHARI NI NG'OMBE, SIYO BAHASHA". Bibi yule alieleza kwa utulivu kwamba binti wa Kigogo hutolewa kwa ng'ombe na mbuzi, kwamba ng'ombe huzaa na noti haizai, na kwamba mkwe anayekuja na bahasha amekuja kununua koti. Kijana aliandika kila kitu. Aliandika mpaka jinsi ya kumkagua ng'ombe meno.

Bibi wa mchumba wangu, aliyekuwa amejilaza pembeni kwenye mkeka tukidhani amelala, akasema "Amesema kweli huyo", akajigeuza upande wa pili.

Baba mdogo alijitetea. Alisema gazeti ni la 1983, mambo yamebadilika. Baba mkwe akamuuliza mwaka huo umeandikwa wapi. Baba mdogo akaligeuza, akatafuta juu, akaiona alama ya kisu. Nilimwona anakumbuka kitu. Akakaa.

Majadiliano yalikwenda mpaka giza. Bahasha ilipokelewa kama ilivyokubaliwa kwenye barua, na juu yake tukaongezewa ng'ombe wawili na beberu mmoja, huyo wa mwisho akiwa faini ya utani. Tuliporudi usiku kwa bajaji ile ile, yenye kibali, tofali la baba mdogo lilikuwa limesogea likawa la tatu.

Jumatatu mkuu wa shule alipokea simu kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa, tukatangaza kwa kipaza sauti cha msikitini na cha kanisani kwamba Jumapili ni ruksa kuendesha, na Mama Maandazi akaombwa awe anaangalia anachofungia. Kishoka hakuonekana tena.

Darasani nilisahihisha. Mhariri mkuu alipata 95. Yule kijana wa dawati la nyuma alikuja mezani kwangu, akasema neno lake la pili tangu mwaka uanze: "Nimepata ngapi?"

Nilimpa 92. Alikuwa anastahili 100, lakini nane nilizikata, miguu ya ng'ombe wawili. Ya beberu nilimsamehe.